Mshindi na Maelezo ya Ushindi: Uhakiki wa Masimulizi ya Vita vya Uganda, 1981–1986

Ikisiri

Makala hii inahakiki maelezo yanayotolewa mara kwa mara kuhusu sababu zilizoliwezesha Jeshi la Upinzani la Taifa (NRA) kuiangusha serikali ya Uganda mwezi Januari 1986. Inajenga hoja kwamba kumbukumbu za makamanda walioshinda, pamoja na nadharia zilizojengwa juu yake, zinaeleza vizuri namna NRA ilivyoweza kudumu msituni, lakini hazielezi namna jeshi la serikali lilivyoshindwa. Hayo ni maswali mawili, na kuyachanganya kumekuwa na gharama katika uandishi wa historia na katika ushauri wa kisera kuhusu amani ya ukanda huu.

Utangulizi

Tarehe 26 Januari 1986 mji wa Kampala uliangukia mikononi mwa NRA, na siku tatu baadaye Yoweri Museveni aliapishwa kuwa rais. Vita vilivyoanza kwa shambulio la kambi ya Kabamba tarehe 6 Februari 1981 vilikuwa vimedumu takriban miaka mitano. Ushindi huu una nafasi ya pekee katika tafiti za vita vya wenyewe kwa wenyewe barani Afrika, kwa kuwa ni miongoni mwa mara chache ambapo kundi lililoanza likiwa dogo sana, bila ngome katika nchi jirani na bila mfadhili mkubwa wa nje, liliiondoa madarakani serikali yenye jeshi, mji mkuu na utambuzi wa kimataifa. Kwa sababu hiyo umekuwa mfano unaofundishwa. Vyuo vya kijeshi huusoma, makundi mengine ya silaha yameuiga, na washauri wa sera huurejelea kila wanapoulizwa ni kitu gani kinachowapa waasi ushindi.

Jibu linalotolewa kwa kawaida ni kwamba NRA ilishinda kwa sababu wananchi walikuwa upande wake. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na makala hii haikusudii kuubatilisha. Tatizo ni kwamba linakuja mapema mno. Likishatolewa, hakuna anayeuliza tena upande wa pili ulikuwa ukifanya nini, na vita vinabaki kuwa masimulizi ya mtu mmoja anayetembea kuelekea Kampala.

Kumbukumbu za washindi

Maandishi yanayosomwa zaidi kuhusu vita hivi yametoka kwa walioshinda. Museveni alichapisha wasifu wake, Sowing the Mustard Seed, mwaka 1997. Ondoga ori Amaza, aliyekuwa ofisa wa NRA, aliandika kitabu kuhusu safari ya Museveni kutoka msituni hadi ikulu, kilichotoka mwaka 1998. Pecos Kutesa alifuata mwaka 2006 na kumbukumbu zake kama kamanda wa uwanjani, na mwaka 2010 Muhoozi Kainerugaba akachapisha uchambuzi wa mapigano ya vita hivyo akitumia dhana ya mbinu za mwendo. Upande ulioshindwa una maandishi machache. Milton Obote alieleza yake katika mahojiano marefu yaliyochapishwa na gazeti la Monitor mwaka 2005, mwaka uleule aliofariki. Hata hivyo, hakuna kitabu cha Bazilio Olara-Okello wala cha David Oyite-Ojok kinachoweza kuwekwa kando ya kile cha Museveni na kusomwa sambamba.

Uwiano huo mbaya wa vyanzo una athari inayozidi suala la upendeleo. Kitabu cha Kutesa, kwa mfano, ni cha mtu mkweli kuhusu njaa, hofu na makosa ya vita, na kina thamani kubwa kwa yeyote anayetaka kujua siku moja ya mpiganaji ilikuwaje. Hata hivyo, mpiganaji aliyeko msituni Luwero humwona adui wake kupitia mtutu wa bunduki. Anamjua kama kikosi kinachokuja au kinachorudi nyuma. Hawezi kujua kwamba ndani ya kikosi hicho kuna ugomvi kuhusu nani anapandishwa cheo na nani anapelekwa mstari wa mbele, na hata akijua baadaye, jambo hilo halina nafasi katika masimulizi yake. Ndiyo maana katika vitabu hivi jeshi la serikali lina silaha na ukatili, lakini halina historia.

Jina la kitabu cha Museveni linatoka katika mfano wa Injili wa punje ya haradali, mbegu ndogo kuliko zote inayokuja kuwa mti mkubwa. Udogo huo ndio msingi wa masimulizi yote ya upande huu. Bunduki 27 zilizobebwa kwenda Kabamba zimetajwa mara nyingi hata zimekuwa hoja peke yake, kana kwamba umbali kati ya bunduki 27 na ikulu unapima nguvu ya wazo lililowasukuma wabebaji. Ukweli wa siku ile ni kwamba shambulio lilishindwa kufikia lengo lake: ghala la silaha la Kabamba halikufunguliwa. Lilifunguliwa katika shambulio la tarehe 1 Januari 1985, karibu miaka minne baadaye. Anayetaka kueleza ushindi hana budi kueleza miaka hiyo minne, na katika miaka hiyo wapo wengine waliopanda mbegu zao katika shamba lilelile zikafa.

Mashamba mawili, mavuno tofauti

Nadharia tatu hutumika zaidi katika tafiti za aina hii. Ya kwanza, inayohusishwa na James Fearon na David Laitin, inatilia mkazo udhaifu wa dola na ugumu wa ardhi, hasa milima. Ya pili, ya Jeremy Weinstein, inasema kuwa kundi lisilo na mali ya asili wala mfadhili hulazimika kuwategemea raia, hivyo huwavutia wapiganaji wenye imani na huwa na nidhamu. NRA ni mojawapo ya mifano yake mikuu. Ya tatu ni ya Nelson Kasfir, ambaye katika makala yake ya mwaka 2005 alionyesha kuwa uhusiano wa NRA na raia ulibadilika kulingana na hali ya kijeshi: walipokuwa na usalama walipanua ushiriki wa wanavijiji, na walipobanwa waliupunguza.

Nadharia ya ardhi haihitaji kusumbua sana hapa. Pembetatu ya Luwero, eneo lililo kati ya barabara ya Kampala–Gulu na ile ya Kampala–Hoima, ni nchi ya vichaka, mbuga na vinamasi vya mafunjo, na mwanzo wake uko umbali wa saa chache kutoka mji mkuu. Hakuna mlima wa kumficha mtu.

Ya Weinstein inahitaji uangalifu zaidi, na kipimo chake kiko palepale Buganda. Harakati ya Uhuru wa Uganda (UFM), iliyoongozwa na Andrew Kayiira, ilianza kupigana wakati mmoja na NRA. Ilikuwa maskini vilevile. Iliendesha shughuli zake miongoni mwa watu walewale, na kwa jambo moja ilikuwa na nafasi nzuri zaidi: uongozi wake ulikuwa wa Kiganda, katika eneo ambalo wengi wa wakazi walikuwa Waganda wenye kinyongo na Obote tangu kufutwa kwa ufalme wao. Tarehe 23 Februari 1982 UFM ilithubutu kuishambulia kambi ya Lubiri, ndani ya Kampala yenyewe. Shambulio lilishindwa, na baada ya hapo kundi likaanza kumeguka. Kufikia 1983 lilikuwa limesambaratika. Baadhi ya wapiganaji wakajiunga na NRA, wengine wakaunda kundi jipya la FEDEMU.

Ikiwa umaskini huzaa nidhamu, mbona haukuizaa UFM? Ikiwa kuungwa mkono na wananchi hutosha, mbona hakukutosha kwa kundi lililokuwa na kila sababu ya kupendwa na Waganda? Kulinganisha makundi haya mawili hakuivunji hoja ya Weinstein, lakini kunaipunguza ukubwa: umaskini unaeleza sababu za kundi kuhitaji nidhamu, hauelezi namna linavyoipata. Utafiti wa Janet Lewis kuhusu chimbuko la uasi, uliochapishwa mwaka 2020 na unaotumia Uganda kama uwanja wake mkuu, unaunga mkono tahadhari hii. Makundi mengi ya silaha yaliyoanzishwa nchini humo yalikufa kabla hayajajulikana. Mtafiti anayeanza na yale yaliyofika mbali amekwisha kuwaacha wengi nje ya hesabu yake.

Kilichoiweka NRA pamoja

Tofauti kati ya NRA na UFM ilikuwa katika muundo wa mamlaka. Mwezi Juni 1981 kundi la Museveni liliungana jijini Nairobi na lile la Yusuf Lule, rais wa zamani aliyeheshimiwa Buganda. Lule akawa mwenyekiti wa harakati, Museveni makamu wake na kiongozi wa shughuli za kijeshi. Kwa hatua hiyo kundi lililoongozwa na watu wa magharibi lilipata sura iliyokubalika mbele ya Waganda bila kuigawa amri ya jeshi. Vijijini ziliundwa kamati za siri ambazo baadaye zilikuja kuwa Mabaraza ya Upinzani. Zilikusanya chakula na habari, na pia zilikuwa mahali ambapo mwanakijiji angeweza kumshtaki mpiganaji. Kanuni za nidhamu ziliruhusu adhabu ya kifo kwa mpiganaji aliyeua raia au kubaka, na adhabu hiyo ilitekelezwa.

Mtihani wa muundo huo ulikuwa urithi wa uongozi. Kamanda wa kwanza wa NRA, Ahmed Seguya, alifariki mapema katika vita. Aliyemfuata, Sam Magara, aliuawa Kampala mwaka 1982. Kumpata mrithi kulileta manung’uniko, na manung’uniko hayo yalikuwa na harufu ya ukabila, kati ya Waganda waliokuwa wengi miongoni mwa askari wa kawaida na watu wa magharibi waliokuwa wengi miongoni mwa makamanda. Jeshi halikugawanyika. Mamlaka ya mwisho hayakuwa kwa kamanda wa jeshi. Yalikuwa juu yake, kwa Museveni na Kamandi Kuu, kwa hiyo kifo cha kamanda kiliacha pengo katika kazi bila kuacha pengo katika amri.

Jambo jingine lilitolewa na adui. Mwezi Oktoba 1982 viongozi na vijana wa chama tawala cha UPC huko Ankole waliwafukuza maelfu ya Wanyarwanda kutoka katika makazi yao, wakimbizi na hata raia, kwa kisingizio cha kumuunga mkono Museveni. Fred Rwigyema na Paul Kagame walikuwa tayari NRA tangu Kabamba. Baada ya Oktoba 1982 waliwafuata vijana wengi ambao hawakuwa na mahali pengine pa kwenda. Inakadiriwa mara nyingi kwamba mwanzoni mwa 1986 walikuwa takriban 3,000 kati ya wapiganaji wapatao 14,000. Hapa dhana ya kuungwa mkono inakosa maana yake ya kawaida. Wengi wao walisukumwa kabla ya kuvutiwa.

Lugha nayo ina sehemu yake, ingawa wataalamu wa siasa huipita haraka. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi nchini Uganda tangu enzi za King’s African Rifles, na kwa raia wengi wa Buganda kilikuwa lugha ya amri na uporaji. Operesheni za kuwakamata watu Kampala zilipewa jina la Kiswahili na wahanga wenyewe: panda gari. NRA, iliyokuwa na Waganda, Wanyankole, Wanyarwanda na wengine, ilihitaji lugha moja ya amri, na ilichukua hiyohiyo. Neno afande lilibaki jinsi lilivyokuwa. Kadogo likawa jina la mtoto anayebeba silaha, na upole wa neno hilo umewasaidia waandishi wa kumbukumbu kulipita jambo zito. Watoto hao huonekana vitabuni kama yatima waliopata familia, na kwa hakika wengi walikuwa yatima, lakini walikuwa pia nguvu kazi ya vita.

Jeshi lililovunjika

Jeshi la Ukombozi wa Taifa la Uganda (UNLA) liliundwa kwa haraka mwaka 1979 kutokana na makundi ya wakimbizi yaliyoingia nchini pamoja na Jeshi la Wananchi wa Tanzania kumwondoa Idi Amin. Kubwa lilikuwa Kikosi Maalum, kilichomtii Obote na kuongozwa na Tito Okello na Oyite-Ojok. FRONASA ya Museveni lilikuwa jingine. Baada ya uchaguzi wa tarehe 10 Desemba 1980, ambao Paulo Muwanga alijipa mamlaka ya kutangaza matokeo yake na ambao wapinzani walidai uliibwa, mabaki ya Kikosi Maalum ndiyo yaliyoshika jeshi. Uandikishaji uliofuata ulielemea Lango na Acholi. Askari wengi wa Tanzania walipoondoka katikati ya 1981, jeshi changa lilibaki peke yake na vita viwili: West Nile dhidi ya mabaki ya askari wa Amin, na Luwero dhidi ya makundi ya Buganda.

Inafaa kusisitiza kwamba jeshi hili halikuwa likishindwa wakati wote. Operesheni Bonanza ya mwaka 1983 iliwaondoa raia katika vijiji vya Luwero na kuwakusanya kambini, ikaisukuma NRA kaskazini kuelekea Ngoma, mbali na mashamba yaliyoilisha. Kibinadamu ilikuwa maafa. Makadirio ya waliokufa Luwero katika vita vyote yanatofautiana kutoka 100,000 hadi 300,000, na hakuna kati ya hayo lililotokana na hesabu ya makaburi au sensa. Mafuvu yaliyopangwa kando ya barabara baada ya 1986 yalionyeshwa zaidi ya yalivyochunguzwa. Kijeshi, hata hivyo, mwaka 1983 ndio uliokuwa mgumu kuliko yote kwa NRA. Mtu ambaye angeutazama mwaka huo bila kujua yajayo asingekuwa na sababu nzuri ya kutabiri matokeo ya 1986, na nadharia yoyote inayoufanya ushindi uonekane wa lazima inapaswa kuulizwa inauweka wapi mwaka huo.

Tarehe 2 Desemba 1983 helikopta iliyombeba Oyite-Ojok ilianguka. Yeye, Mlango aliyekuwa mkuu wa majeshi, alikuwa na jina la ushujaa tangu vita vya 1979, na alikuwa ndiye anayewaweka pamoja maofisa wa Lango na wa Acholi. Nafasi yake ilikaa wazi kwa miezi kadhaa, kisha Obote akamteua Smith Opon Acak, Mlango mwingine, mbele ya maofisa wa Acholi waliomtangulia kwa utumishi. Wakati huohuo NRA ilikuwa inarudi: tarehe 20 Februari 1984 ilivamia Masindi na kuchukua mamia ya bunduki, Januari 1985 ikaja Kabamba, mwezi Juni 1985 brigedi maalumu ya Kanali John Ogole ilipigwa Kembogo. Mwezi uliofuata askari wa Lango na wa Acholi walipigana wao kwa wao mjini Kampala. Tarehe 27 Julai 1985 Bazilio Olara-Okello, kamanda wa brigedi ya kaskazini, alimpindua Obote.

Ni rahisi kuliita tukio hili ugomvi wa makabila mawili na kuendelea. Jina hilo linafunika utaratibu uliolisababisha. Malalamiko ya maofisa wa Acholi yalikuwa mahususi: nani anapandishwa, na nani anatumwa Luwero kufa. Swali la pili lilipata uzito kutokana na mapigano yenyewe. Kila kikosi kilichopigwa kilifanya mgawanyo wa hatari uonekane wa dhuluma zaidi. Kwa maana hiyo NRA ilichangia kuvunjika kwa UNLA, na si sahihi kusema ilibahatika tu kukuta adui amegawanyika. Lakini mchango huo si ule unaoelezwa vitabuni. NRA haikuliangamiza jeshi la Obote uwanjani. Ilifanya gharama ya kubaki ndani ya jeshi hilo iwe kubwa, na suala la nani ailipe ndilo lililolipasua. Mwaka 1982 NRA ilikuwa imempoteza kamanda wake ikabaki moja. UNLA ilimpoteza wake, na mwaka mmoja na nusu baadaye ikageuziana bunduki.

Miezi sita ya Okello

Kipindi cha kati ya Julai 1985 na Januari 1986 hupewa kurasa chache katika masimulizi ya washindi, labda kwa kuwa ni cha mazungumzo na mkanganyiko. Kwa swali la makala hii ndicho kipindi chenye ushahidi mzuri kuliko vyote.

Serikali mpya ya Tito Okello iliyaalika makundi yote yaliyokuwa yakimpiga Obote yajiunge nayo. UFM ilikuja. FEDEMU ilikuja. UNRF ya Moses Ali na FUNA, yenye askari wa zamani wa Amin ambao UNLA ilikuwa ikiwawinda West Nile miaka michache tu kabla, nayo yalikuja. Kwa idadi ya watu na silaha, huu ulikuwa muungano mkubwa kuliko jeshi lolote ambalo NRA ilikuwa imekabiliana nalo. Ulikuwa na mji mkuu, hazina na kiti katika Umoja wa Mataifa. Kampala iligawanywa mitaa, kila kundi likashika sehemu yake, na mkazi wa mji aliyekuwa akivuka kutoka mtaa mmoja hadi mwingine alikutana na vizuizi vya majeshi tofauti. Methali ya umoja ni nguvu ilitajwa sana wakati huo. Kilichokusanywa Kampala kilikuwa wingi.

NRA ilikataa kujiunga. Ilikuwa imepeleka sehemu ya jeshi lake Rwenzori mapema mwaka 1985, na baada ya mapinduzi ilienea magharibi na kusini, ikaifunga barabara katika daraja la Katonga na kuzizingira kambi za Masaka na Mbarara. Kambi ya Masaka ilisalimu amri Desemba. Katika maeneo yaliyotengwa na Kampala, mabaraza yalianza kufanya kazi za utawala hadharani. Kwa miezi kadhaa nchi ilikuwa na serikali mbili, na ile iliyokuwa ndogo kwa kila kipimo kinachohesabika ndiyo iliyokuwa na amri moja.

Mazungumzo ya Nairobi, yaliyosimamiwa na Rais Daniel arap Moi, yalianza Agosti na kumalizika kwa makubaliano yaliyotiwa saini tarehe 17 Desemba 1985. Okello angebaki mwenyekiti wa Baraza la Kijeshi, Museveni akawa makamu. Wiki zisizozidi sita baadaye NRA ilikuwa ndani ya Kampala. Wakosoaji wa Museveni husema hakuwa na nia ya kuyatekeleza makubaliano. Watetezi wake husema mauaji ya Kampala yaliyafanya yasitekelezeke. Pande zote mbili za ubishi huo zinachukulia kwamba palikuwa na mtu upande wa pili aliyeweza kuyatekeleza. Tito Okello alitia saini kwa niaba ya majeshi ambayo hayakuwa yake. Asingeweza kuiamuru FEDEMU iondoke mtaani, na ni jambo la shaka kama angeweza kuwaamuru wote waliovaa sare ya UNLA. Kosa la usuluhishi wa Nairobi, ambalo limerudiwa baadaye katika mazungumzo mengine ya ukanda huu, lilikuwa kupima uzito wa wajumbe kwa vyeo vyao vya mezani.

Ushindi usio na aliyesalimu amri

Jeshi linaloshindwa kwa kusambaratika huacha tatizo ambalo jeshi linaloshindwa uwanjani haliachi kwa kiwango hicho. Hakuna wa kusalimu amri. Baada ya Januari 1986 askari wa UNLA walirudi kaskazini na bunduki zao, wengine wakavuka hadi Sudan. NRA ilifika Gulu na Kitgum mwezi Machi. Masimulizi yake ya vita, ya wananchi dhidi ya madikteta, hayakuwa na nafasi ya kumweka askari wa kawaida wa Acholi aliyetoka Luwero bila cheo, bila mshahara, na akiogopa kulipiziwa kisasi. Hofu hiyo ilithibitishwa mapema. Baadhi ya vikosi vya zamani vya FEDEMU, vilivyoingizwa katika NRA na kupelekwa kaskazini, vilituhumiwa kwa mauaji ya raia huko Kitgum.

Mwezi Agosti 1986 wapiganaji wa UPDA, wengi wao wa UNLA ya zamani, walivuka kutoka Sudan na kuanza vita vipya. Alice Lakwena aliwakusanya wengine na mwaka 1987 akawafikisha karibu na Jinja. Baada yake akaja Joseph Kony. Watafiti wameandika mengi kuhusu imani za Lakwena na za Kony, na ni sahihi kufanya hivyo. Hata hivyo, mara chache vita hivi huwekwa katika sura moja na vile vya Luwero, ingawa wapiganaji wake wa mwanzo walikuwa walewale na sababu yao ya kwanza ilikuwa namna walivyoshindwa.

Majirani wanatoa mifano ya kulinganisha. Jeshi la serikali ya Rwanda lililoshindwa Julai 1994 halikusambaratika. Lilivuka hadi Goma na Bukavu likiwa na maofisa na silaha, na aina hiyo ya kushindwa ikazaa vita vya aina yake nchini Kongo. Jeshi la Mobutu, lililoyeyuka kati ya Oktoba 1996 na Mei 1997, linafanana zaidi na UNLA, na Kongo ilikuwa vitani tena Agosti 1998. Mshauri wa sera anayeuliza tu nani anapendwa na wananchi hatazioni tofauti hizi. Anayeuliza upande unaoshindwa unashindwa kwa njia gani, na ni nani ndani yake bado anaweza kutoa amri ikatiiwa, ana nafasi ya kujua mapema ni aina gani ya makubaliano yanayowezekana.

Uganda yenyewe ina ushahidi wa jambo hilo. Tarehe 3 Juni 1988, katika uwanja wa Pece mjini Gulu, serikali ya Museveni ilitia saini makubaliano na UPDA. Upande wa pili uliwakilishwa na Luteni Kanali John Angelo Okello, kamanda aliyekuwa msituni na askari wake. Uongozi wa kisiasa wa UPDA uliokuwa nje ya nchi haukuyakubali. Otema Allimadi, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Obote, alitia saini makubaliano yake mwenyewe Addis Ababa miaka miwili baadaye, wakati hakuwa na jeshi la kuzungumzia. Sehemu ya wapiganaji, chini ya Odong Latek, waliyakataa ya Pece na kwenda kwa Kony. Lakini maelfu walitoka msituni na silaha zao, na wengi wakaingizwa katika NRA. Yalikuwa makubaliano ya kwanza kati ya NRA na sehemu yoyote ya jeshi ililolishinda ambayo yalitekelezwa na aliyeyatia saini, na yalikuja miezi ishirini na nane baada ya ushindi.